Chakula Kilichoonekana

Nilisikia kifo chake redioni, nikiwa nachambua maharagwe kibarazani hapa nyumbani kwangu Matisi. Yule mtangazaji wa vifo husoma haraka kama mtu anayekimbizwa, na mimi huwa nasikiliza nusunusu, sikio moja kwa majirani na jingine kwa marehemu. Akamtaja Mama Yunia, mama yake Naliaka, atakayezikwa Jumamosi nyumbani kwa bintiye huko Tongaren. Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo. Mjukuu wangu akaniuliza kama ni jamaa yetu. Nikamwambia hapana, si jamaa, ni mtu niliyemtembelea zamani kwa kazi. Niliposema "kwa kazi" nilihisi uso unaniwaka kwa aibu, mimi mwanamke niliyepita miaka sabini, mbele ya mtoto asiyejua lolote. Nikainamia maharagwe yangu, nikayachambua upya yale niliyokwisha kuyachambua.

Sitawachosha na habari za nilikozaliwa wala baba alikuwa nani. Hayo nimeyasimulia kwenye harusi na matanga mpaka watu wameyakariri. Mwaka ninaotaka kuusema ni mmoja, ule uliotangulia Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, nilipokuwa na miaka ishirini na nikaletwa Kitale kufanya mwaka wa mazoezi baada ya masomo ya ustawi wa jamii. Wasichana tuliochaguliwa kwa masomo hayo tulikuwa wachache, na tulijiona kweli kweli. Tulivaa viatu vya ngozi. Tulijua kumwogesha mtoto wa mpira, kuchemsha maji ya kunywa, kuendesha mkutano wa akina mama, na zaidi ya yote tulijua kutembelea nyumba. Kumtembelea mtu, tulifundishwa, ni ufundi kama useremala. Unabisha hodi, unaketi unapoonyeshwa, unatazama bila kukodoa macho, unatoka, unaandika. Kanuni zilikuwa nyingi lakini mbili tulirudishiwa kila asubuhi kama sala. Ya kwanza: andika ulichokiona, usiandike unachokijua. Ya pili: usile wala usinywe chochote katika nyumba unayoikagua, maana aliyelishwa haoni sawasawa. Msichana mmoja wa kundi letu alirudishwa kwao kwa sababu ya kikombe kimoja cha uji. Tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani na nilidhani mtu wa kwanza hawezi kuangushwa na uji.

Msimamizi wangu Kitale alikuwa mama wa Kizungu aliyeitwa Miss Pettifer. Watu wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, walimwita Kalamu, kwa sababu penseli yake aliichomeka kwenye nywele na mara nyingi aliisahau humo, akawa anaitafuta mezani huku sisi tukibana vicheko. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Ingenifaa sana. Lakini niliposhikwa na malaria mwezi wa kwanza, ni yeye aliyeniletea dawa na chupa ya supu chumbani kwangu, akaketi kwenye kigoda cha mama mwenye nyumba, magoti yakimfikia kidevuni, mpaka akahakikisha nimeimeza. Aliamini karatasi. Hilo tu ndilo kosa ninaloweza kumbebesha. Aliamini kwamba mtu akiandika vizuri, haki itajipata yenyewe humo ndani, na mimi nilikuwa naandika vizuri mno. Kila Ijumaa alinirudishia fomu zangu zikiwa na alama ndogo ya wino mwekundu pembeni, na alama hiyo niliipenda kuliko mchumba.

Nilipanga kwa Mama Wanjiru, mke wa mfanyabiashara wa mboga kutoka Nyeri. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka lao, ukuta wa udongo umebandikwa magazeti ya zamani, na kwa kuwa kitanda kiligusa ukuta nilikuwa nalala nikisoma bei za ng'ombe za mwaka uliopita. Jioni alinipakulia githeri, mahindi na maharagwe, kwenye bakuli la bati, akaketi kunitazama nikila, akitoa maoni. "Unakula kama kuku mgonjwa. Kula, bana! Hiyo serikali yako itakubeba namna gani ukiwa mfupa mtupu?" Yeye ndiye aliyenifundisha kusikia. Dirisha langu lilitazama bomba la maji, na asubuhi wanawake wakipanga debe zao nilisikia kila kitu: nani kapigwa, nani kajifungua, nani ananuka pombe. Siku moja nilisikia habari zangu mwenyewe. "Huyo msichana wa viatu," alisema mmoja, kwa sauti ya kwetu Bungoma kabisa, "akikuja kwako ficha sufuria. Yeye anaandikanga watu." Mwingine akajibu, "Si nasikia ati hata maji hakunywi? Anatuonaga wachafu." Nililala pale kitandani na bei zangu za ng'ombe, nikajiambia kwamba hawajasoma, hawaelewi. Lakini nilielewa mimi. Kwetu ukimkatalia mtu chakula chake umemwambia ni mchawi au ni mchafu, achague mwenyewe.

Sasa niseme habari za Mama Naliaka. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa barabara za mji, akafa kwa nimonia wakati wa mvua kubwa, akamwachia watoto watatu na chumba kimoja cha matofali kule lokesheni. Chumba hakikuwa chake. Kilikuwa cha kazi ya marehemu, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mjane atoke mwisho wa mwezi wa tatu tangu kifo, ila tu kama ofisi ya ustawi itaandika kwamba hana chochote kabisa, hapo angeachiwa mpaka mwaka uishe. Na mwaka uishe ndilo jambo alilolitaka. Naliaka, binti yake wa kwanza, alikuwa darasa la nne na mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na mbili. Akiupita angeendelea na shule ya bweni ya misheni. Wasiporuhusiwa kukaa, wangerudi Bungoma kwa shemeji ya mama, na shemeji huyo alikwisha kutuma salamu mbili: kwamba mjane atakuwa chini ya ulinzi wake kama desturi ilivyo, na kwamba msichana amekua na ng'ombe wake wa mahari wanasubiriwa. Yote haya Mama Naliaka aliniambia siku ya kwanza, kwa Kibukusu, akiwa amesimama, bila kulia. "Mimi mwenyewe nitajua la kufanya na shemeji," alisema. "Huyu mtoto ndiye sitaki."

Fomu ilidai ziara tatu. Ilikuwa na sehemu zake: Nyumba, Usafi, Watoto, na chini kabisa, Chakula Kilichoonekana. Ziara ya kwanza aliniletea maji kwenye kikombe cha enameli, nikakataa kwa adabu niliyofundishwa. Ziara ya pili akaniletea uji wa wimbi, nikakataa, nikaona uso wake ukijifunga. Alichukua kikombe, akakifunika kwa sahani, akakiweka juu ya kabati kama mtu anayeweka kitu cha marehemu. Naliaka alikuwa amekaa sakafuni akifanya hesabu kwenye daftari, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake, akarudi kwenye hesabu zake. Katika sehemu ya Chakula Kilichoonekana niliandika: uji, kikombe kimoja. Nilikuwa mwaminifu. Kama ningeishia hapo, chumba kingebaki chao.

Ziara ya tatu ilikuwa siku ya mvua. Asubuhi nilikuwa nimekwenda Kachibora pamoja na Kalamu kwenye mkutano wa akina mama, na kwa kuwa kanuni ni kanuni, akina mama wa Kachibora walikula mbele yetu nasi tukatazama. Tulirudi saa tisa, tumbo langu likinung'unika waziwazi. Nilipofika kwa Mama Naliaka nilisikia harufu kabla sijabisha hodi. Aliniketisha kwenye kiti pekee cha nyumba ile, kile cha marehemu, chenye mikono. Naliaka akaja na birika na beseni, akapiga goti, akanimiminia maji mikononi. Nilimruhusu. Nilijiambia kunawa si kula. Kisha mama akaweka mbele yangu ugali wa wimbi, mweusi, wa moto, na kuku mzima kwenye bakuli, na juu ya nyama akaweka firigisi. Nyinyi wa siku hizi hamwezi kujua uzito wa kitu hicho. Mama yangu mzazi hakuonja kuku maisha yake yote, maana wakati wake kuku alikuwa wa wanaume, na firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba au ya mgeni ambaye mwenye nyumba anamwinua. Nikamwambia, "Mayi, mama yangu, hii siwezi." Akasema, "Mwenye nyumba hayupo. Wewe ndiwe umekuja. Usinikatae mara ya tatu."

Basi nikala. Watoto walitolewa nje, upenuni, kama desturi ilivyo, ili mgeni asile akihesabiwa matonge, na yeye akaketi mlangoni, mgongo wake ukiziba mvua, akinitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu tujuane. Niwaambie ukweli: sikula kwa heshima peke yake. Nilikula kwa njaa. Mgeni mwenye malezi huacha nyama ya kutosha kwa watoto wanaosubiri nje, na mimi nililelewa vizuri, nikajua hivyo, na bado niliacha shingo na miguu. Hakuwa na kuku mwingine. Nilikuwa nimeona katika ziara zote mbili jogoo mmoja akitembea uani kama mwenye kazi, na siku ile uani palikuwa na mvua tu. Nilipomaliza alinishukuru yeye. Nikatoa fomu yangu pale pale mezani, nikajaza Nyumba, Usafi na Watoto. Chini nikaandika: hakuna. Nilidhani nimepata njia ya kumsaidia na kujificha kwa pamoja, nikarudi ofisini nimeshiba, nikijiona mjanja.

Kalamu aliishika ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni, pale nilipoibana kwa kidole gumba, palikuwa na doa la mafuta, duara safi, alama zote za kidole zikionekana. Nilinawa kwa maji baridi bila sabuni, na mafuta ya kuku hayatoki kwa maji baridi. "Hii ni nini?" aliuliza. Hakuwa mkali. Angeuliza hivyo hivyo juu ya doa la wino. Na mimi ningeweza kusema: nilikula, Miss Pettifer, walinichinjia jogoo wao wa mwisho, na cheti chenu cha mafunzo kaeni nacho. Nilimkumbuka yule msichana wa uji, jinsi alivyopanda lori na sanduku lake na sisi tukipunga mikono kwa kejeli. Nikasema, "Niliwakuta wakila. Mtoto akapita na bakuli, likanimwagikia." Akauliza walikuwa wanakula nini. Nikasema kuku. Penseli ikatoka kwenye nywele. "Lakini hapa umeandika hakuna," akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama kama mtu aliyevunjika moyo. "Umewahurumia. Nakuelewa. Lakini andika ulichokiona." Akanisukumia karatasi. Nikafuta neno hakuna, nikaandika: kuku, ugali wa wimbi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama siku zote.

Juma lililofuata nilikuwa napanga vitambaa vya darasa la kushona, na kupitia ukuta wa mbao nikamsikia Kalamu akizungumza na bwana wa nyumba, mkuu wa nyumba za lokesheni, Mzungu mnene ambaye jina lake limenitoka. Bwana alisema ripoti inaonyesha familia ina chakula kizuri. Kalamu akasema ni kweli, lakini angependa kumsikia mjane mwenyewe. Kisha akaongeza jambo lililonifanya nisimame na kitambaa mkononi. Alisema, huyu msichana wangu ndiye bora niliyewahi kupata, mwanzo alitaka kumficha huyo mama kwa huruma, lakini akajirekebisha. Nilifurahi. Naandika neno hilo hapa kwa sababu nimeahidi nafsi yangu kwamba sitaliruka. Nilisikia nikisifiwa kwa uongo wangu, nikafurahi, halafu ndipo nikaogopa.

Walimwita siku ya Jumanne. Chumba cha ofisi kilikuwa kidogo: meza, viti viwili vya wakubwa, kigoda cha Mama Naliaka, na mimi nimesimama katikati kutafsiri, kwa kuwa ofisini kote ni mimi tu niliyejua Kibukusu na Kiingereza. Naliaka alikuwa amebaki nje na sare yake ya shule, amesimama karibu na dirisha lililokuwa wazi. Mama alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kanisani. Kalamu akamsalimu vizuri, akampa pole ya msiba, halafu akaniambia nimwulize kama siku ya ziara ya tatu nyumbani kwake palikuwa na kuku. Nikageuka, nikamwuliza. "Anauliza kama siku ile kulikuwa na kuku."

Aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, na ningeshukuru kama ingekuwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyepotea njia akijaribu kukumbuka aligeukia wapi. Akaangalia karatasi mezani, akaangalia mkono wangu, na nikaona ameelewa. Ilikuwa rahisi kwake. Angesema tu, "Alikula huyu," na chumba kingekuwa chake na mimi ningepanda lori. Hata Kiswahili chake kilitosha kwa hayo. Lakini mwanamke wa kwetu aliyelelewa na watu hatangazi alichokula mgeni ndani ya nyumba yake. Kufanya hivyo ni kumtapisha. Afadhali aonekane mlafi yeye. Akanyoosha kitambaa chake kichwani. "Mwambie ndiyo," akasema. "Kulikuwa na kuku." Kisha, baada ya kupumua, akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Alikuwa mmoja tu."

Nikamgeukia Kalamu. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema ndiyo, palikuwa na kuku."

Yale maneno mengine niliyameza. Bwana wa nyumba akapiga kalamu yake mezani mara mbili, akasema basi, hapa hakuna la kujadili. Kalamu aliniangalia kidogo, akaona nimesimama wima, akaandika. Mama Naliaka aliinuka, akatushika mikono sote watatu, mimi nikiwa wa mwisho. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

Waliondoka mwisho wa mwezi kwa lori la magunia ya mahindi lililokuwa likienda Bungoma. Nilikuwa ndani ya ukumbi wa darasa la kushona, nyuma ya pazia nililolishona mwenyewe na darasa langu. Sikutoka kuaga. Jioni hiyo nilishindwa kula, na Mama Wanjiru aliponibana nikamwambia yote, nikilia, nikitaraji atanibembeleza. Alisikiliza hadi mwisho. "Ati ulikula kuku ya mama wa watu," alisema polepole, "halafu ukamwandika?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akafunika chungu. Aliendelea kunipa chakula mpaka mwaka ukaisha, hakunipunguzia hata kijiko kimoja, lakini tangu siku ile akawa anapakua akiwa amenipa mgongo, na siku moja tu akatania, utani usio na kicheko: "Githeri yangu usiandike, sawa?"

Nilipata cheti. Nilipata zaidi ya cheti. Kalamu aliituma ile ripoti kwenye shule yetu, jina la mjane likiwa limefutwa, na wanafunzi waliofuata wakaisoma kama mfano wa mtu aliyeshinda huruma akaandika alichokiona. Baada ya uhuru nilipelekwa chuo kikuu, nikasoma tena, vitabu vinene safari hii, kisha kwa miaka ishirini na zaidi nikawafundisha wengine kazi hiyo. Kila mwaka, muhula wa pili, nilikuwa na somo juu ya kuku. Niliwaambia kwamba kuna mwanafunzi mmoja zamani aliyelishwa na mjane kuku wa mwisho, akaandika kuku bila kuandika kwamba alichinjiwa yeye. Darasa lilikuwa linaguna. Wengine walikuwa wakiuliza, "Huyo mwanafunzi alifanywa nini?" Nami nikiwa nimesimama pale na miwani yangu na chaki, nilijibu kwamba sijui. Nilisifika kwa somo hilo. Wahitimu wangu wakikutana nami barabarani hata leo hunitajia yule kuku, wakicheka. Nimekula kutokana na jogoo yule maisha yangu yote.

Jumamosi nilikwenda Tongaren. Nilitaraji kukaa nyuma, niimbe nyimbo mbili, nimwone akishuka kaburini, nirudi. Kulikuwa na hema, na chini ya hema meza ya kitabu cha wageni, na mashamba ya mahindi yalifika karibu na kaburi. Watu walimsema marehemu kwa mema, jinsi alivyoishi kwa shemeji miaka mingi ya dhiki, jinsi alivyokuja kumalizia uzee kwa binti yake. Hakuna aliyetaja Kitale. Nilipokuwa natafuta njia ya kutoka, mwanamke mzima mwenye mvi akanishika kiwiko. Nilimjua kwa macho tu, yale macho ya kwenye daftari la hesabu.

"Mwalimu," Naliaka alisema. "Nilikuona ulipofika. Ulifikiri utapita tu hivyo? Ingia ndani."

Watu wengine walikuwa wanapewa wali na nyama ya ng'ombe nje. Mimi alinipeleka sebuleni, akafunga mlango, akanikalisha kwenye kiti chenye mikono. Mezani alikuwa ameweka ugali wa wimbi na bakuli lililofunikwa. Nilijua kilichomo kabla hajafunua. Nikasema, nisije nikapoteza ujasiri, "Naliaka, kuna jambo nataka kukwambia juu ya mama yako na ile nyumba."

"Najua," akasema. "Si mimi ndiye nilimkimbiza huyo jogoo kwa mvua? Mimi nilimshika miguu, mama akakata." Akachukua birika. "Na siku ya ofisi nilikuwa kwa dirisha. Kiingereza kingine sikuwa nakijua, lakini kuhesabu nilikuwa najua mpaka mia. Mama aliposema alikuwa mmoja, nilingoja useme moja. Nikangoja. Hukusema."

Nilitaka kusema nisamehe. Neno halikutoka, na nashukuru halikutoka, maana lingekuwa la kunisaidia mimi tu. Nikamwuliza kwa nini hakusema yeye, siku ile.

"Mama alinikataza njiani tukienda nyumbani. Nilitaka kurudi nipige kelele. Akaniambia nikitaja kuku wa mgeni mbele ya watu, yeye si mama yangu tena." Alisimama na birika mkononi. "Nilikuwa wa pili darasani, mwalimu. Niliolewa na miaka kumi na tano. Nilikuchukia mpaka nikachoka. Yeye hakukuchukia. Kila mtu akikuja alikuwa anamwambia, kuna mtoto mmoja wa serikali alikula kwangu, akashiba. Ati wengine wote walikataa."

Nilianza kulia, kilio cha mzee, kisicho na sauti. Kitabu cha wageni kilikuwa kimeletwa ndani, kimewekwa mezani karibu na bakuli na kalamu juu yake, na kwa mazoea ya maisha yote mkono wangu ukaenda kwenye kalamu, ukitafuta kitu cha kufanya. Naliaka akakisogeza kitabu mbali, hadi upande wa pili wa meza.

"Leo usiandike," akasema. "Kula."

Akapiga goti kwa shida, magoti yake yakilia, akanimiminia maji mikononi. Kisha akafunua bakuli, na firigisi ilikuwa juu. Nikala, naye akaenda kuketi mlangoni, akanitazama mpaka nikamaliza.